Kisima na kamba: shajara ya majuma 12 ya kutafuta nafasi ya kutunga

Mimi hutunga mashairi ya vina na mizani, yaani silabi zinazolingana sauti na idadi ya silabi inayohesabiwa. Kazi inayonilisha ni nyingine, ya mezani, mbele ya kompyuta. Mwaka 2024 mzima nilikamilisha beti nne. Si mashairi manne, beti nne. Zamani nilikuwa nikipata mbili tatu kwa juma bila kujisukuma, kwa hiyo kuna kitu kimeziba, na shajara hii ni ya kukitafuta. Naiweka wazi ili atakayejaribu ajue nilipokwama na pa kuruka. Kama wewe ni mchoraji, mshonaji au mpiga ala, popote nilipoandika "ubeti" weka neno lako.

Kila hatua nitaandika gharama yake kwa saa, kwa usingizi, au kwa watu niliowaudhi.

Jumapili, 5 Januari 2025: pa kuanzia

Dhana yangu ni kwamba sina muda. Kabla sijabadilisha chochote, juma hili nahesabu tu. Kila nikipata mwanya (foleni, maji yanachemka, ninayemsubiri hajafika) na mkono ukaenda kwenye simu, naweka alama kwenye kadi. Vifaa: kadi moja, penseli moja.

Jumapili, 12 Januari: hesabu yenyewe

Siku ya kwanza alama 58. Siku ya tatu 61. Siku ya sita 34, na wala sikuwa nimepona: nilianza kujionea haya mbele ya kadi yangu mwenyewe. Kwa hiyo anayeiga ahesabu siku tatu tu, za mbele zitamdanganya.

Muda ninao, kumbe. Umekatwakatwa vipande vya dakika mbili, dakika tano, na kila kipande nimekijaza. Nikikumbuka vizuri, mishororo ya zamani ilinijia humohumo vipandeni: njiani, bafuni, nikimsubiri mtu. Haikunijia nikiwa nimeketi rasmi na kalamu.

Ningesikiliza hesabu hiyo ningeokoa juma zima. Sikusikiliza. Nilitaka saa nzima, tena ya peke yangu.

Jumapili, 19 Januari: saa ya alfajiri (imeshindikana)

Nilitega kengele saa kumi na nusu alfajiri, siku tano mfululizo. Nyumba kimya, taa moja, daftari jipya. Picha nzuri sana.

Siku ya kwanza niliandika nusu mshororo. Siku ya pili niliandika barua ya kikazi, kichwani, na kuijibu. Siku ya tatu nilipanga jinsi ya kumwambia mwenzangu wa kazini kwamba takwimu zake zina kosa. Siku ya nne mshororo mmoja, nikaufuta. Siku ya tano niliamshwa na jua, shavu juu ya daftari, wino umehamia usoni.

Kosa lilikuwa mara mbili. Kwanza, saa hiyo sikuipata bure, niliikata kwenye usingizi, na kichwa kisicholala hakichezi; kinasubiri siku iishe tu. Pili, ukimya wa nyumba si ukimya wa kichwa. Niliamka mapema na kazi ikaamka nami.

Gharama: takriban saa saba za usingizi, na kosa moja kazini la Ijumaa ambalo nitalirekebisha Jumatatu kwa aibu. Nimerudisha kengele ilipokuwa.

Jumapili, 2 Februari: kufunga kazi

Majuma mawili kwa hatua moja, maana toleo la kwanza liliharibika.

Nilikumbuka jambo la Bluma Zeigarnik, mwanasaikolojia aliyechapisha mwaka 1927 majaribio yanayosema watu hukumbuka kazi zilizokatizwa kuliko zilizokamilika. Waliorudia majaribio hayo hawakupata jibu lilelile kila mara, lakini mimi sikuhitaji maabara. Nilikuwa nayo alfajiri tano zilizopita. Kinachonirudia ni kile nilichokiacha wazi. Basi niandike yote yaliyo wazi.

Usiku wa kwanza, kitandani, niliorodhesha mambo 43. Nikazima taa. Nikaanza kubishana na orodha. Namba 12 ilisema "ripoti". Ripoti gani? Ya nani? Namba 30 ilisema "paa". Saa saba usiku nilikuwa bado nalitazama paa lenyewe.

Usiku wa tatu niliacha. Nilikuwa najua kuna utafiti wa Michael Scullin na wenzake, wa mwaka 2018, uliolaza watu 57 maabarani: walioandika kwa dakika 5 mambo yanayowasubiri walipata usingizi takriban dakika 9 mapema kuliko walioandika yale waliyokwisha kufanya. Mbona kwangu imekuwa kinyume? Nilipousoma tena nikaona nilichoruka. Kadiri orodha ilivyokuwa na undani, ndivyo walivyolala upesi. Yangu ilikuwa ya neno moja moja, kama mashtaka. Na E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba lengo lisilotimizwa hupunguza kusumbua akili mtu akishalipangia mpango mahususi, hata kabla hajaligusa.

Toleo la pili ninalolitumia hadi sasa: naandika mezani, dakika kumi za mwisho za kazi, kitandani haliingii. Kila jambo lina hatua ya kwanza na siku yake. "Ripoti" imekuwa "Jumatano asubuhi: fungua jedwali la pili, linganisha safu mbili za mwisho". "Paa" imekuwa "Jumamosi: panda ngazi utazame tu, usirekebishe". Yasiyo na siku nayafuta mbele ya macho yangu. Nikimaliza nafunika kompyuta na kusema kwa sauti, "Imefungwa." Mara ya kwanza nilicheka. Sasa sicheki, na hata mwanangu huniuliza akiniona jioni nimekunja uso: "Umefunga?"

Siku ya nne ya toleo la pili nilikuwa natembea kwenda nyumbani nikagundua nimepita njia nzima bila kuwaza kazi. Hakuna mshororo uliokuja. Kulikuwa na nafasi tu. Niliingoja kidogo pale mlangoni, nisiivunje.

Gharama: dakika kumi kwa siku, na usiku tatu mbovu.

Jumapili, 9 Februari: simu

Nitapita haraka hapa kwa sababu kila mtu anajua. Kuilaza kifudifudi hakukusaidia, nilijikuta naigeuza. Kuzima sauti hakukusaidia. Niliichungulia zaidi, nikiogopa kilichonipita kimyakimya. Kilichosaidia ni umbali: droo ya chumba kingine, tangu nikifunga kazi hadi baada ya chakula cha jioni.

Juma hilohilo dada yangu alinipigia mara nne. Aliponipata usiku hakusalimia.

"Wewe, simu yako ni pambo?"

"Nisamehe dada, niliiweka droo."

"Na mimi uniweke droo hiyohiyo, basi."

Alikuwa na haki. Mradi wangu haukumhusu, na shida yake haikungoja shairi langu. Marekebisho: sasa simu ipo droo ileile lakini inalia kwa watu watatu tu, na wote watatu niliwaambia mimi mwenyewe. Ningewaambia kabla, ningejiokolea maneno.

Jumapili, 23 Februari: ukimya unawasha

Hakuna aliyenionya kuhusu hili. Kazi imefungwa, simu iko mbali, usingizi umerudi, nafasi imepatikana, na mimi ndani yake siwezi kukaa. Dakika ya tatu nilikuwa nimesimama natafuta cha kufuta vumbi. Dakika ya tano nilisoma maandishi ya nyuma ya chupa ya sabuni, yote, pamoja na onyo la macho.

Nilijiona wa ajabu hadi nilipokumbuka jaribio la Timothy Wilson na wenzake la mwaka 2014. Watu waliachwa peke yao chumbani dakika 15 na mawazo yao, na kitufe kinachotoa shoti ya umeme. Shoti hiyo walikuwa wameshaionja, na walikuwa wamesema wangelipa pesa wasiipate tena. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga shoti. Wanawake 6 kati ya 24. Mimi na chupa yangu ya sabuni tumo kundini.

Dawa ya kwanza niliyojaribu: kukaa na kuhesabu pumzi dakika 20 kila jioni. Siku sita. Mara nne nilisinzia, mara mbili nilihesabu pumzi kama mhasibu, nikiogopa kukosea. Kuna wanaofaidika na njia hiyo, sibishi. Kwangu ilikuwa kazi nyingine ya kufungua na kufunga.

Dawa ya pili ilitokana na hasira. Nilikuwa na rundo la nguo za kukunja, na kwa kawaida hukunja huku nasikiliza kitu. Jioni hiyo nilikunja bila kusikiliza chochote. Mikono ilikuwa na shughuli, na kichwa hakikuwa nayo. Muwasho uliisha kabla ya shati la tano. Tangu hapo nafasi yangu haina jina tena, ni kazi za mikono bila sauti masikioni: kuosha vyombo, kukunja, kufagia, kutembea.

Kuhusu kutembea nina la kuongeza. Marily Oppezzo na Daniel Schwartz walichapisha mwaka 2014 kwamba watu wakitembea hutoa mawazo mapya zaidi kwa wastani wa takriban asilimia 60 kuliko wakiketi, hata wanapotembea juu ya mashine wakitazama ukuta mtupu. Wengi hunukuu hapo wakaishia. Sehemu iliyonifaa ni ile nyingine: kwenye maswali yenye jibu moja sahihi, kutembea hakukuwasaidia. Nikajaribu kwangu. Nikitembea napata picha, maneno, mwanzo wa jambo. Nikijaribu kuhesabu mizani nikitembea, hatua zangu zinaingilia hesabu na mshororo unatoka na mizani 17 badala ya 16. Nimegawa: malighafi njiani, mizani mezani. Kabla ya hapo nilikuwa nakaa mezani nikisubiri malighafi, na ndiyo maana meza ilinichukia.

Gharama ya majuma haya mawili: jioni sita za pumzi, na mazungumzo ya redio niliyoyapenda ambayo sasa nasikiliza Jumamosi tu.

Jumatano, 5 Machi: kituo

Nimengoja siku nne kuandika ingizo hili ili nisilipambe.

Tangu tarehe 20 Februari nilikuwa na ubeti wa mishororo mitatu:

Kisima kilikauka, ndoo ikarudi kavu,
Kamba nayo ikachoka, ikabaki nyuzi mbovu,
Nilidhani yametoka, maji yote na unyevu,

Kina cha kati "ka", cha mwisho "vu". Kimebaki kituo, mshororo wa mwisho unaofunga ubeti. Nilikaa mezani jioni tatu. Niliorodhesha kila neno la "vu" nililolijua: kovu, shavu, jivu, pevu, werevu, uvumilivu. Jioni ya tatu nikapata hiki:

Kumbe jicho limefuka, kwa vumbi na kwa majivu.

Hesabu: nane na nane. Vina viko sawa. Na hakisemi kitu. Jicho limetoka wapi? Majivu ya nini? Ni mshororo wa mtu aliyetaka kwenda kulala. Nilijua hivyo nikiuandika, nikauacha kwa sababu ulikuwa unajaza nafasi.

Siku iliyofuata niliufuta na kufunga daftari kwa siku tano, kwa makusudi. Hili halikuwa wazo langu. Graham Wallas aliandika mwaka 1926 juu ya hatua nne za kubuni: maandalizi, kuatamia, kumulikiwa, na kuhakiki. Na kabla yake, mwaka 1908, mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré alisimulia alivyohangaika kwa siku 15 na tatizo lake la hisabati, na jinsi baadaye, akiwa safarini, mawazo yako kwingine kabisa, alipoweka mguu kwenye kidato cha gari la abiria wazo jipya likamjia. Watu husimulia kidato. Poincaré mwenyewe alisisitiza kwamba bila kazi ya awali kidato kisingekuwa na cha kutoa. Kuku haatamii kiota kitupu.

Tarehe 1 Machi, alasiri, nilikuwa naanua nguo kwenye kamba. Mvua ilikuwa imetanda. Shuka moja ilishikwa na kibanio kilichoganda, nikaivuta, haikutoka, nikaivuta kwa nguvu zaidi, ikachanika pembeni. Nikasema kwa sauti, kwa hasira, "Ya nini kuvuta kwa maguvu?"

Nikasimama na shuka mkononi.

Kumbe ni mimi kutaka, kuyateka kwa maguvu.

Nane na nane. "Vu" ilikuwa imefichwa kwenye neno ambalo sikuliweka kwenye orodha kwa sababu si la kishairi, ni la mtu mwenye hasira na shuka. Mvua ilinyesha juu ya nguo zilizobaki.

Sasa kosa, maana shajara ni ya makosa. Kabla ya kituo hiki nilikuwa nimepoteza vingine viwili katika Februari. Kimoja kilinijia bafuni. Nikajisemea sitakisahau, na nikakisahau kabla sijafika kwenye taulo. Cha pili nilikimbilia simu nikirekodi. Nikafungua droo, nikaona ujumbe tatu, nikajibu wa kwanza. Nakumbuka tu kwamba kilikuwa na neno "kizingiti".

Marekebisho: kadi zilezile za Januari, zilizokatwa nusu, na penseli fupi, moja mfukoni, moja jikoni, moja nje ya mlango wa bafu. Penseli haina ujumbe. Inaandika hata mkono ukiwa na maji kidogo, kalamu ya wino haiandiki, nimejaribu. Naandika maneno yaliyokuja kama yalivyo, hata mizani ikiwa imepinda, na sirekebishi palepale.

Gharama: shuka moja.

Jumatano, 19 Machi: nimeanguka

Tangu tarehe 8 hakuna kilichofanyika. Kazini kulikuwa na makabidhiano, halafu mafua, halafu uvivu uliovaa nguo za mafua. Sikufunga kazi hata siku moja. Simu ilirudi kando ya mto wa kitandani. Jana, kwa udadisi, nilihesabu alama tena: 49.

Kilichonisikitisha ni nilivyojaribu kulipa. Jumapili tarehe 16 nilijifungia saa tatu nzima "kufidia". Nilitoka na ubeti mmoja wenye vina safi na roho ya karatasi ya kodi. Nimeuchana. Nafasi niliyoikosa Jumatatu haikai ikinisubiri Jumapili.

Phillippa Lally na wenzake walifuatilia watu 96 wakijenga tabia mpya, wakachapisha kwamba ilichukua wastani wa siku 66 kitendo kikawa kinajiendesha, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, siku 18 hadi 254. Waligundua pia kwamba kuruka nafasi moja hakukuharibu mwendo. Mimi sikuruka moja, nimeruka kumi, lakini ilinipa nguvu ya kutoanza mradi upya kwa jina jipya na daftari jipya, ugonjwa wangu wa miaka yote.

Nimetengeneza toleo dogo la siku mbaya: mambo matatu tu kwenye orodha ya kufunga, na kazi moja ya mikono bila sauti, hata kama ni kuosha kikombe kimoja. Jana nilikiosha. Hakuna kilichokuja. Nimeiandika kama siku iliyofanyika.

Jumapili, 30 Machi: hesabu ya majuma 12

Beti 11 zilizobaki baada ya kuchana. Mbili za Januari na Februari mwanzoni, tisa za kuanzia katikati ya Februari. Zile nzuri ninazoweza kumsomea mtu bila kueleza ni nne. Mwaka jana wote nilipata nne, nzuri na mbaya kwa pamoja.

Vilivyobaki kwenye matumizi: kufunga kazi kwa orodha yenye hatua na siku, droo, kazi za mikono bila sauti, kadi na penseli, siku tano za kuacha ubeti uliokwama. Vilivyotupwa: alfajiri, orodha ya kitandani, pumzi, saa tatu za Jumapili. Kama ningeanza upya ningeanza na kufunga kazi, hata kabla ya simu, kwa sababu niliposhughulikia simu kwanza miaka iliyopita nilibaki na kichwa kilekile kilichojaa, tofauti ilikuwa tu kwamba hakikuwa na pa kukimbilia.

Sijatatua siku ambazo nyumba ina wageni, wala siku ninazosafiri. Orodha ya kufunga inahitaji meza na mimi huwa sina. Hilo ni la Aprili. Dada amepewa taarifa.

Kadi iliyo mfukoni sasa ina ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) bila utao (nusu ya pili), umeandikwa jana nikisugua sufuria: "Mlango nimeufunga". Nane kamili. Upande wa pili haujafika, na sufuria bado haijatakata.